Miaka 11 jeshini, nikitoka kabla ya 20 napoteza kila kitu?

Buti Kavu:
Wakuu salamu, naomba mawazo hasa nyie mliopita jeshi la Marekani. Niliingia 2014, mkataba unaisha miezi minane ijayo na kusaini mwingine roho imekataa kabisa. Mgongo umechoka, goti la kulia halikunji vizuri, na mwanangu ana miaka 7 ila nikihesabu kweli nimekaa naye kama 3 tu. Sasa kila nikigusia kutoka, wenzangu kikosini wananiambia umebakiza 9 tu, ukitoka sasa hiyo 11 yote umeitupa. Usiku silali kwa hilo neno. Ni kweli natoka mikono mitupu? 2018 tulipopewa nafasi ya kuchagua mfumo wa mafao nilichukua ule mpya, lakini nilibonyeza tu, sikuelewa.

Afande Mstaafu:
Mdogo wangu tulia kwanza. Pensheni ya kila mwezi ni kweli, chini ya miaka 20 huipati, hata ukitoka na 19 bila sababu ya kiafya au mpango maalum. Na kwenye mfumo wako ukifika 20 inakuwa asilimia 40 ya wastani wa mshahara wa msingi wa ile miaka 3 iliyolipa zaidi, sisi wa zamani ilikuwa 50. Sasa hiyo 10 waliyopunguza ndo imerudi kwako kwa njia nyingine, serikali inakuwekea asilimia 1 ya mshahara wa msingi kwenye akaunti ya TSP, yaani akiba yako ya uzeeni, na kama wewe unachangia 5 wanaongeza mpaka 4. Hizo ni zako, umeshapita miaka 2 inayotakiwa, unatoka nazo. Ingia leo uangalie salio, usisubiri. Ila usizitoe ukanunulia gari, ukizigusa kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida unakatwa kodi na juu yake asilimia 10. Ziache hapo au zihamishie akaunti nyingine ya uzeeni.

Swali moja, umeshapokea yale malipo ya katikati ya utumishi? Kama uliyachukua ujue ulifunga miaka mingine hapo, ukitoka kabla wanaweza kukudai.

Mama Wawili:
Kaka yangu mimi naongea kama mke. Mume wangu alitoka na miaka 14 kwenye mfumo wa zamani, pensheni sifuri na hakuna cha akaunti wala nini. Lakini kilichotuuma zaidi sio hicho, ni goti. Miaka yote alikuwa akiumia anameza dawa anarudi kazini, haendi zahanati ya kambi asije akaonekana mzembe, kwa hiyo alipotoka akaenda kudai fidia ya ulemavu faili lake likawa jeupe. Tulihangaika miaka kutafuta mashahidi, watu wenyewe wametawanyika. Fidia hiyo haina habari na miaka 20, hata aliyetumikia 4 anapata kama aliumia kazini na kutoka kwake hakukuwa kwa aibu. Nenda ukaandikishe goti na mgongo WIKI HII, kila maumivu, ata kama daktari anakuharakisha mwambie aandike. Na madai unaweza kuyapeleka ukiwa bado ndani, kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka, una miezi minane so muda unao.

Kingine, ile haki ya kusomeshwa na serikali kwa sababu ulitumikia jeshi. Kuitumia wewe mwenyewe unaweza baada ya kutoka, ila kumhamishia mtoto lazima uombe ukiwa bado jeshini na wanataka uongeze miaka 4. Hapo mkae na mkeo muongee vizuri.

Nusu Raia:
Mbona hamjamwambia habari ya jeshi la akiba? Mimi nilitoka na 9 nikahamia huko. Miaka yako 11 inahesabiwa, unatafuta mingine 9 yenye pointi za utumishi zisizopungua 50 kila mwaka, ukitimiza 20 unapata pensheni ila kwa kawaida inaanza ukiwa na miaka 60. Ni ndogo kuliko ya waliobaki, na kuitwa vitani unaweza kuitwa, hilo usidanganywe. Lakini jioni nyingi nakula na wanangu. Na ukipata kazi ya serikali kuu uraiani, hiyo miaka unaweza kuinunua kwa asilimia 3 ya mshahara wa msingi uliolipwa jeshini pamoja na riba kama umechelewa, ihesabiwe kwenye pensheni ya huko.

Buti Kavu:
Aisee asanteni sana. Yale malipo ya katikati sikuchukua afande, namshukuru Mungu. Salio nimeangalia, sio kubwa lakini lipo, sikuwahi hata kulifungua. Dada nimekuelewa, goti nimekuwa nikilificha miaka minne, Jumatatu asubuhi niko zahanati. Ya akiba bado naiwaza, mke wangu akisikia neno kuitwa tu anabadilika sura.