Siku moja Ziwa Magharibi (Xihu), Hangzhou: nianze na visiwa au bustani?

MzigoYiwu: Habari wakuu. Nikimaliza manunuzi Yiwu, China, mwishoni mwa Machi nitakuwa na siku moja ya Hangzhou, kuingia asubuhi na kurudi usiku. Nataka kisiwa chenye ile minara mitatu ya mawe, na walau bustani moja nzuri. Nipange vipi, na ni wapi wageni hupoteza muda?

Gati_la_Asubuhi: Mkuu, anza na kisiwa. Panda treni ya kasi ya mapema mpaka Hangzhou Mashariki, kisha metro laini ya 1 moja kwa moja hadi Longxiangqiao. Ukitoka hapo ufukwe uko dakika chache kwa miguu. Fuata maji kuelekea kaskazini, kilomita moja na ushei, hadi Daraja Lililovunjika (Duanqiao, ni zima kabisa, jina tu hilo). Hapo linaanza tuta la Bai, karibu kilomita moja, linalokufikisha Gushan, kisiwa kikubwa kuliko vyote humo ziwani. Gati la Hifadhi ya Zhongshan liko hapo hapo.

Kisiwa unachokitaka kinaitwa Xiaoyingzhou. Tiketi ya chombo cha kawaida ni yuan 55, na kiingilio cha kisiwa kimo ndani yake. Vyombo vya mapambo ni yuan 70. Kosa kubwa la wageni ni kukodi mashua ya kasia wakidhani itawashusha kisiwani. Haishushi mtu. Inazunguka majini na kukurudisha, na bei yake ni ya saa kwa mashua nzima. Kosa la pili ni kwenda saa sita mchana: foleni ndefu, halafu minara iko upande wa kusini, hivyo jua linapiga kamera usoni. Asubuhi jua bado liko upande wa mashariki.

Tuta_la_Su: Naongezea kuhusu kisiwa chenyewe, maana wengi hushuka, hupiga picha moja na kuondoka. Kilijengwa mwaka 1607 kwa tope lililochimbwa ziwani, na sehemu kubwa ya ndani yake ni maji. Matuta yanakatana katikati kama msalaba, kwa hiyo ukikitazama kutoka juu kina umbo la herufi ya Kichina ya "shamba", 田. Shukia kaskazini, upite daraja la kona tisa polepole (kila kona inakugeuzia mandhari, ndiyo kazi yake), utokee kwenye banda la kusini. Mbele yako ndipo ilipo ile minara. Kila mmoja una matundu matano ya duara. Usiku wa sikukuu ya katikati ya vuli huwashwa mishumaa ndani, matundu yakang'aa majini kama miezi. Ukiwa na noti ya yuan 1, igeuze: mandhari ni hiyo hiyo.

Kabla ya kupanda chombo cha kurudi, soma kibao cha gati. Vyombo vinaelekea pande tofauti za ziwa, na ukikosea utajikuta kilomita kadhaa kutoka ulikokusudia.

MzigoYiwu: Asanteni sana. Na bustani je? Naona wengi wanasifu Huagang, ile ya samaki wekundu.

Gati_la_Asubuhi: Huagang ni nzuri na haina kiingilio, ila ni pana na ina watu wengi. Kwa bustani moja tu, nenda Guozhuang, yuan 10, mlango wake uko barabara ya Yanggongdi, jirani na Quyuan Fenghe, bustani maarufu kwa yungiyungi. Ni nyumba ya mfanyabiashara ya mwaka 1907. Ukubwa wake si hoja. Uzuri uko katika ufundi unaoitwa kuazima mandhari: kuta na madirisha yamekatwa ili tuta la Su lililo ng'ambo ya maji lionekane kama sehemu ya bustani. Kaa upande wa ziwa, agiza chai.

Tuta_la_Su: Nakubaliana. Kwa hiyo ukitoka kisiwani tafuta chombo cha gati la Yuewang, uende Quyuan Fenghe, Guozhuang, kisha tuta la Su kutoka kaskazini hadi kusini: kilomita 2.8, madaraja sita. Su Dongpo alilijenga kwa tope la ziwa akiwa mtawala wa mji, mwaka 1090. Mwisho wa Machi mipichi huchanua kati ya mierebi, na hakuna msimu unaolifaa tuta hilo zaidi ya huo. Yungiyungi usitarajie; ni maua ya Julai.

Mwisho wa tuta pinda kushoto hadi mnara wa Leifeng, yuan 40. Ule wa kale ulianguka 1924, huu ni wa 2002 na una lifti. Panda jua likikaribia kuzama.

Tahadhari moja: angalia tarehe ya Qingming, sikukuu ya kuzuru makaburi, mapema Aprili. Siku hizo tutani hapapitiki. Na beba pasipoti. Tiketi ya treni inafungamana nayo.