Nimefukuzwa kwa simu baada ya miaka 6, nitie saini?

Mtunza Stoo, Tororo
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Nimetunza stoo ya vifaa vya ujenzi miaka 6 hapa Uganda. Jumatatu bosi alinipigia simu nikiwa juu ya boda naelekea kazini: mifuko 14 ya saruji haionekani, rudi nyumbani, kazi imeisha. Sikuitwa kikao, sikupewa barua. Daftari la stoo liko palepale mezani, kila mfuko nimeuandika, hakulifungua. Jana karani wake kaniletea shilingi 300,000 na karatasi ya kusema sina dai lolote. Watoto wangu 3 wanarudi shule.

Mama Busia
Usitie saini, mwanangu! Pesa ya haraka hivyo ina sababu.

Mzee wa Kiwandani, Jinja
Kijana, nimewakilisha wafanyakazi wenzangu miaka mingi, na jambo hili linaniuma. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kukufukuza kwa kosa, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, kisha akusikilize, na una haki ya kuja na mtu uliyemchagua mwenyewe. Asipofanya hivyo unamdai mshahara wa wiki 4, hata kama saruji ilipotea kweli. Kosa lisipothibitishwa kuna pia malipo ya notisi, yaani taarifa ya kabla ya kuachishwa: kwa miaka yako 6 ni miezi 2. Piga hesabu, uone kama 300,000 inafika.

Nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Una miezi 3 tangu siku ya kufukuzwa. Mwenzangu mmoja aliambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka ukaingia mwezi wa nne tangu afukuzwe, akakosa. Afisa atawaita nyote mpatane kwanza. Siku 90 zikipita tangu umpelekee dai bila uamuzi, unaweza kulipeleka Mahakama ya Viwanda, inayoamua kesi za ajira.

Mtunza Stoo, Tororo
Asante mzee. Lakini sikuwahi kuandikiwa mkataba.

Mzee wa Kiwandani, Jinja
Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Mshahara ulilipwaje?

Mtunza Stoo, Tororo
Kwa simu, kila mwisho wa mwezi. Meseji zote ninazo.

Mzee wa Kiwandani, Jinja
Hizo ndizo ushahidi wako. Zichapishe, na uandike saa aliyokupigia na maneno yake kabla hujasahau.

Mtunza Stoo, Tororo
Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi. Mwenye boda alisikia, na amekubali kwenda nami kwa afisa wa kazi Jumatatu ijayo.