Laptopu ya mdogo wangu asiyeona: NVDA, JAWS au Narrator?

Mwana_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Familia tumechangishana, wiki ijayo naenda Mwanjelwa kumnunulia mdogo wangu laptopu. Haoni. Nasikia kuna programu zinazomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye kioo cha kompyuta: NVDA, JAWS na hiyo Narrator inayokuja na Windows yenyewe. Ipi ni rahisi kuzunguka nayo? Analalamika kwamba kwenye kompyuta ya rafiki yake anabonyeza Tab mpaka vidole vinachoka ndipo afike anapotaka. Nisaidieni kabla hela haijaliwa na mambo mengine.

Kamwene_Njombe
NVDA. Ni ya bure, walioianzisha 2006 ni Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Inakaa hata kwenye flashi, unachomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Windows unafanya kazi. Mjadala umefungwa.

Mwalimu_Mafinga
Haujafungwa, Kamwene. Ndugu wa Uyole, umeomba dawa bila kutaja ugonjwa. Mdogo wako ana umri gani? Haoni kabisa au anaona kidogo? Anajua kuchapa bila kuangalia? Ni ya shule au ya kazi? Na ina Windows ipi? Ya Windows 7 usichukue hata wakikupunguzia bei, NVDA zilizotoka tangu 2024 haziingii humo.

TundumaRoad
JAWS jamani! Ipo tangu enzi za DOS, ule mfumo wa zamani wa kompyuta, 1989, kazi ya Ted Henter, Mmarekani aliyepofuka kwa ajali ya gari. Ofisini tunaitumia miaka yote. Kwenye Excel sijaona mpinzani wake.

Dada_Kihesa
Mimi mwenyewe sioni, nipo Iringa, kompyuta ndiyo kazi yangu. JAWS ni nzuri, sibishi, ila niwaeleze yaliyonikuta. Fundi mmoja alichukua hela yangu akasema ameniwekea JAWS kamili. Nikakaa kujaza maombi ya kazi mtandaoni. Fomu ndefu: elimu, wadhamini, vyeti vya kupandisha. Katikati sauti ikakata. Nabonyeza hiki, nabonyeza kile, kimya. Ikabidi nimwite mtoto wa dada yangu anisomee kioo: muda umekwisha, washa kompyuta upya. Kumbe haikuwa na leseni. Bila leseni inakupa dakika 40 tu, zikiisha ni mpaka uzime uwashe. Kuwasha, fomu yote imefutika. Nikaanza upya nikikimbizana na saa, nikafika kwenye vyeti, ikakata tena. Usiku huo umeme nao ukaondoka, na kesho yake dirisha la maombi likafungwa. Nafasi ikapita hivyo. Nilipompigia fundi akaniambia ndivyo programu ilivyo, nisubiri anakuja. Hakuja. Na JAWS sina ugomvi. Nina ugomvi na mtu anayemuuzia asiyeona kitu akijua hawezi kukikagua.

TundumaRoad
Pole sana dada. Lakini leseni halali ikilipiwa hayo hayatokei.

Kamwene_Njombe
Ilipiwe na nani, mkuu? Kasema familia imechangishana.

Mwana_Uyole
Pole dada, imeniuma. Majibu ya Mwalimu: ana miaka 22, haoni kabisa, yuko chuo hapa Mbeya. Kuchapa anajua. Laptopu niliyoiona ni ndogo, Windows 10, haina zile namba za pembeni. Kiingereza kikisomwa haraka kinamwacha.

Mwalimu_Mafinga
Muulize muuzaji kama inapokea Windows 11. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Namba za pembeni, ambazo NVDA huzitumia kwa amri zake, zisikutishe, kwenye NVDA chagua mpangilio wa laptopu na Caps Lock ishike nafasi ya Insert.

Dada_Kihesa
Na hiyo Tab aipumzishe. Akifungua ukurasa wa mtandao abonyeze H, anaruka kichwa cha habari hadi kichwa cha habari. Shift na H anarudi nyuma. T majedwali, B vitufe. Kwa NVDA na JAWS ndivyo, na Narrator pia akishawasha hali yake ya kupekua. Kwenye NVDA, Insert na F7 inamletea orodha ya viungo au vichwa vyote, anachapa herufi za mwanzo za anachokitaka. Akifika kwenye fomu, herufi zikimrusha badala ya kuandika, abonyeze Insert na Space, atasikia mlio umebadilika. Akisahau yote, Insert na 1, halafu kila kitufe atakachogusa kinajitaja.

TundumaRoad
Sawa, ila Kiingereza ajifunze. Hakuna njia ya mkato.

Mwalimu_Mafinga
Kwa nini asisomewe Kiswahili? Sauti ya eSpeak iliyomo ndani ya NVDA inakijua. Ni kavu, lakini inaeleweka.

Kamwene_Njombe
Inaeleweka mpaka ukurasa uvuruge. Kuna tovuti za Kiswahili zilizotambulishwa ndani ya msimbo wake kama za Kiingereza, basi sauti inageuka Kiingereza na kukitafuna Kiswahili. Afungue Insert, Ctrl na V, azime kubadili lugha kwenyewe.

Mjenzi_Sae
Naingilia kidogo. Mimi natengeneza tovuti. Kichwa nikikikoza na kukikuza hakitoshi?

Dada_Kihesa
Hakitoshi kaka. Wewe unakiona kikubwa, H inakipita kama aya nyingine. Kwenye msimbo wa ukurasa kiwekee alama ya kichwa chenyewe, h1, h2, kwa ngazi. Na vitufe vya picha vipe majina. Kuna ukurasa nilisoma "kitufe, kitufe, kitufe" mpaka mwisho, nisijue kipi ni cha kutuma.

Mjenzi_Sae
Aisee. Nina tovuti ya duka la mbegu, yote nimekoza tu. Naweza kukutumia uipitie?

Dada_Kihesa
Tuma. Nitakuambia ninapokwama.

TundumaRoad
Uyole, umeamua nini sasa? Mimi bado nasema JAWS.

Mwana_Uyole
Bado. Nitamchukua tuende naye dukani na NVDA kwenye flashi ya Kamwene, ashike mashine mwenyewe. Halafu, kuna anayejua Mwanjelwa nani anauza kibodi ya nje yenye namba za pembeni? Mdogo wangu amesomewa haya yote, sasa anaitaka.

Kamwene_Njombe
Jaribu maduka ya upande wa Kabwe. Za kichina zipo, ila kagua kila kitufe kabla hujalipa.