Tupeane uzoefu: Siku nne za barabara kusini mwa Iceland, nikiwa na mama

BintiPangani
Habari zenu wadau. Naishi Malmö, mwaka wa tisa sasa. Mama yangu, miaka 67, yuko huku kwa miezi miwili, na kabla hajarudi Pangani nataka nimpeleke Iceland mwishoni mwa Septemba. Tangu mjukuu wake amwonyeshe kwenye simu maji yanayoruka juu kutoka ardhini, kila siku ananiuliza kama ni kweli au ni mambo ya kompyuta.

Dereva ni mimi peke yangu. Nilipanga tuizunguke nchi nzima kwa barabara namba 1, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,300. Nimegawa kwa siku nne nikapata kama 330 kwa siku. Nikajisemea, hiyo ni Tanga hadi Dar tu, watu wanaenda kila siku. Mliowahi kufika, naomba mnieleze mlipopita, mlipolala na kilichowakwamisha. Ya kwenye vitabu nimeshasoma, nataka yaliyowapata.

Mzee wa Kisauni
Mwanangu, salamu zangu zimfikie mama. Hesabu yako niliifanya mimi mwaka 2019, mwezi wa kumi, nikitokea Birmingham na jamaa wawili. Mimi kazi yangu ni malori, usukani haunichoshi. Lakini nchi ile niliiona kupitia waipa. Tulikuwa tunafika mahali, picha mbili, ndani ya gari, twende. Kilomita 330 za kule si za Tanga na Dar. Mwendo wa juu kabisa ni 90 kwenye lami na 80 kwenye changarawe, na kila baada ya nusu saa kuna kitu kinachokuita ushuke. Siku ya tatu barabara ya mashariki ikafungwa kwa upepo, tukalala tusipopanga, na kuanzia hapo safari yote ikawa ni kufukuzana na ndege ya kurudi.

Nieleze la mlango, maana hili ndilo lililoniuma. Tulisimama karibu na Vík, kijiji cha pwani ya kusini, nikafungua mlango kama ninavyofungua siku zote. Upepo ukaupokonya mkononi, ukaupeleka mbele mpaka ukalala kwenye ubavu wa gari. Bawaba ikalia, ukingo wa mlango ukapinda, na haukufunga tena. Tulirudi tumeufunga kwa kamba, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Waliotukodisha wakanionyesha karatasi: bima niliyolipia haigusi mlango uliovunjwa na upepo. Nililipa pesa iliyozidi kodi ya gari lenyewe.

Kwa hiyo, ukisimama, elekeza pua ya gari upepo unakotoka. Mama asifungue mwenyewe. Shuka wewe, zunguka, shika mlango kwa mikono miwili, ndipo ashuke. Na ukikodi, uliza bima ya kokoto na ya mchanga na majivu, halafu isome. Kule kusini mchanga ukipeperushwa unakwangua rangi yote.

Ushauri wangu: acha kuzunguka. Nenda kusini, rudi kwa njia ileile. Barabara ile ukirudi nayo unaiona upya, maana milima iliyokuwa mgongoni sasa inakutazama usoni.

Fundi Mvuke
Naungana na Mzee. Mimi ni wa Naivasha, nilikaa Reykjavík miezi sita kwa mafunzo ya jotoardhi. Programu hiyo ilianza mwaka 1979 na Wakenya tuliopita pale ni wengi kuliko taifa lingine lolote, kwa hiyo mama asishangae akisikia Kiswahili dukani.

Ukitoka Reykjavík kwa barabara namba 1, baada ya kama kilomita 30 utaona mabomba ya mvuke ya Hellisheiði, kituo cha umeme wa jotoardhi. Wikendi yangu ya kwanza niliegesha hapo nikashindwa kuondoka. Yale mabomba yanapinda kona-kona ili joto likiyanyoosha yasipasuke, vilevile kama yetu ya Olkaria. Harufu ileile. Nilimpigia mke wangu simu nikamwambia niko nyumbani, ila kuna baridi.

Hifadhi ya Þingvellir msiiache. Mabamba mawili ya dunia yanaachana pale, kama sentimita 2 kwa mwaka, na unatembea kwa miguu kwenye ufa wenyewe, ukuta wa mawe kushoto na kulia. Bonde letu la Ufa linafanya kazi hiyohiyo, polepole zaidi. Na hapo ndipo walipoanzisha bunge lao mwaka 930, nje, kwenye mawe. Njia ni nzuri, mama ataiweza.

Halafu zile herufi zisiwatishe. Þ ni th ya thelathini, ð ni dh ya dhahabu. Mtu wa pwani anazitamka bila kufundishwa.

Kuhusu kuendesha: wanapita kulia, hilo wewe umeshalizoea Uswidi. Wao walihamia kulia mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Uswidi. Kitakachokushtua ni kipilefti cha njia mbili: aliye njia ya ndani ndiye mwenye haki ya kutoka, wa nje anampisha. Na ukiona bango "Einbreið brú", mbele kuna daraja la gari moja. Aliyelikaribia zaidi ndiye anayetangulia. Punguza mwendo mapema, usishindane.

Ua la Naivasha
Mimi nina kisa kimoja tu, lakini nimekibeba miaka mingi.

Aprili 2010 nilikuwa kibarua kwenye banda la kupakia waridi Naivasha. Siku moja msimamizi akaja akatuambia kuna mlima umelipuka Ulaya, ndege haziruki, hakuna kukata maua. Jina la mlima hakuna aliyeweza kulitamka. Siku ya kwanza tulijaza chumba cha baridi. Siku ya pili hakikuwa na nafasi. Kuanzia hapo tulikuwa tunabeba waridi zilizofunguka, nyekundu kabisa, tunazimwaga shimoni, na zingine wakapewa ng'ombe. Anga ilifungwa karibu wiki nzima, na sisi vibarua tukaambiwa tukae nyumbani hadi tuitwe. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne.

Sasa hivi naishi Denmark, na mwaka juzi nilikwenda Iceland nikamtafuta mlima yule. Kati ya maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, upande wa kushoto ukielekea Vík, yuko pale: Eyjafjallajökull. Chini yake kuna mashamba ya kijani na nyumba, juu barafu. Nilisimama pembeni kwenye maegesho nikamtazama muda mrefu. Nilidhani ningekuta kitu cha kutisha. Kulikuwa kumetulia, kondoo wanakula.

Mkipita, simameni kidogo. Seljalandsfoss unaweza kupita nyuma ya maji, ila mawe yanateleza na utalowa chapachapa. Mama abaki mbele, atayaona vizuri tu. Skógafoss ni tambarare mpaka karibu kabisa na maji, mita 60 kwenda juu, hiyo ni ya mama.

BintiPangani
Ua, pole sana dada. Nimemsomea mama ujumbe wako, amenyamaza, kisha akauliza yule mtoto sasa ana umri gani.

Wakuu, mmeshanigeuza, kuzunguka nimeacha. Maswali mawili. Mama ana viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia mara moja, italeta shida? Na chakula: tunakula halali.

Sururu wa Oslo
Viza haina neno. Iceland imo ndani ya Schengen, ukitoka Copenhagen hujatoka nje. Mbebee pasipoti yake tu. Wenye pasipoti za kwetu wanaotoka Uingereza ndio wanaotakiwa kuomba viza.

Chakula: samaki kwa wingi na wazuri. Soseji zao za kwenye mkate zinasifiwa kila mahali, lakini kondoo imechanganywa na nguruwe, kwa hiyo ziacheni. Sisi tulinunua mkate, mayai na samaki kwenye duka la Bónus mjini, tukapika tulikofikia. Mbele huko maduka ni machache na bei inapanda. Maji ya kunywa msinunue, ya bomba la baridi ni matamu.

Ila la maji ya moto nikutahadharishe mapema. Bi mkubwa wangu alfajiri ya kwanza alifungua bomba kutia udhu, akatoka bafuni ameshika pua: "Sururu, maji haya yameoza!" Yananuka yai viza, kwa sababu yanatoka moja kwa moja ardhini na salfa yake. Ni safi. Lakini pete yake ya fedha, ya marehemu baba, ikageuka nyeusi kwa siku mbili. Alihuzunika kweli, hadi tuliporudi sonara akaing'arisha. Mama akiwa na fedha yoyote, aivue na kuihifadhi. Dhahabu haipati kitu.

Na sheli nyingi hazina mhudumu. Beba kadi yenye namba ya siri, na chagua kiasi unachotaka, maana ukisema "jaza" mashine inaweza kuzuia pesa nyingi kwenye akaunti kwa siku kadhaa. Mimi ilinizuilia ya hoteli.

Kijana wa Marangu
Reynisfjara, ufuko mweusi karibu na Vík. Naomba unisikilize, dada. Mnatoka pwani, mnadhani bahari mnaijua. Ile si ya Pangani. Mawimbi madogo kumi, halafu moja linapanda ufuko mzima bila kelele. Watu wamekufa pale. Nilimwona baba mmoja akivutwa na wimbi lililomfika magotini, akiwa ameipa bahari mgongo kwa ajili ya picha, watu wawili wakamshika jaketi. Kuna taa za tahadhari kwenye njia ya kuingilia, zitii, na mama abaki juu, mbali na maji.

Jökulsárlón mfike hata kama mtaacha kingine. Ni ziwa ambalo miaka mia iliyopita halikuwepo, barafuto (mto wa barafu) ndiyo iliyorudi nyuma ikaliacha. Mabonge ya barafu yanaelea, mengine ya buluu, yanapita chini ya daraja hadi baharini, kisha mawimbi yanayarudisha kwenye mchanga mweusi. Mimi nimekua nikimtazama Kibo akipungua. Pale nilikaa saa tatu.

Kila asubuhi angalia vedur.is kwa hali ya hewa na umferdin.is kwa barabara. Tahadhari ikiwa ya rangi ya chungwa, kaeni ndani mnywe chai.

BintiPangani
Mpango mpya, mkosoe. Siku ya kwanza kutoka uwanja wa ndege wa Keflavík hadi mji wa Hveragerði, tulale. Ya pili maporomoko yote mawili, tumsalimie mlima wa Ua, tulale Vík. Ya tatu Jökulsárlón, kwenda na kurudi kama kilomita 380, tulale Vík tena. Upepo ukikataa, hatutoki. Ya nne Geysir, penye yale maji yanayoruka, na Þingvellir, tulale karibu na uwanja, ndege asubuhi ya tano. Jua kipindi hicho linachomoza na kuzama saa moja na kitu, mchana una urefu kama wa kwetu.

Mzee wa Kisauni
Sasa hapo sawa. Mlango, mwanangu.

BintiPangani
Tumerudi juzi. Mlango mzima, Mzee. Reynisfjara tuliona taa nyekundu, tukageuza.

Geysir, mama alisimama mbele ya Strokkur, chemchemi inayoruka, mara saba. Kila dakika chache maji yanajikusanya, yanavimba kama jicho la buluu, halafu yanaruka. Kila yakiruka anasema Subhanallah, na kila nikisema twende anasema moja tena.

Jökulsárlón upepo ulikuwa mdogo. Aliokota kipande cha barafu kwenye mchanga, wimbi lilikuwa limekitema hapo hapo, akakizungushia ncha ya kanga, akakilamba. Akanigeukia: "Kimetoka baharini, na hakina chumvi." Akakishika mpaka kikaisha.