Mjadala: SHA ifutwe au irekebishwe? Tumpime kila mgombea wa 2027

Mwanzisha mada
Uchaguzi wa Agosti 2027 si mbali, na kila jukwaa la siasa Kenya sasa linaitaja SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii. Wapo wanaoapa kuifuta wakiingia tu Ikulu, wapo wanaosema ipewe muda. Mnaoijua bima hii kwa undani, kura iende kwa ahadi ipi? Leteni hesabu, kelele tunazo za kutosha.

Mhasibu wa mishahara
NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHA, ilikuwa na ukomo: hata uwe unapokea nusu milioni, ulikatwa sh 1,700 basi. Tangu 1 Oktoba 2024 makato ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila ukomo wa juu. Wa 20,000 ametoka 750 akashuka hadi 550. Wa 50,000 amepanda kutoka 1,200 hadi 1,375. Wa 500,000 sasa anatoa 13,750. Kwa hiyo mgombea akisema SHA inamnyonya mnyonge, aulizwe mnyonge yupi, maana mlinzi aliyeajiriwa rasmi amepunguziwa.

Na kuna jambo ambalo hakuna anayeligusa. Kwenye NSSF, mfuko wa pensheni, mwajiri hulipa sawa na mfanyakazi, ada ya nyumba naye hutoa asilimia 1.5 yake. Kwenye afya hatoi hata senti, kazi yake ni kukata na kuwasilisha kabla ya tarehe 9. Mgombea atakayethubutu kusema "waajiri nao wachange" atakuwa ameleta pesa mpya. Wengine wanagawanya zilezile.

Karani wa madai
Ndugu Mhasibu, umewasemea wenye ajira, nao ni wachache. Mzigo uko kwa jua kali, wasio na ajira rasmi. Mtu wa bodaboda akijisajili kwa *147# anaulizwa maswali ya kupima uwezo: nyumba yake ni ya namna gani, choo, maji, vitu anavyomiliki. Mfumo unakisia kipato kutokana na majibu hayo. Bibi aliyejengewa nyumba ya mawe na mwanawe anaonekana tajiri, ilhali mfukoni hana nauli ya kufika sokoni. Kisha anatakiwa kulipa ya mwaka kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Anayekula alichopata leo azitoe wapi? Ameletewa mpango wa kukopeshwa mchango, kumbe ni deni jingine.

Tuwe wakweli lakini: kudai mwaka mzima kuna sababu. Enzi za NHIF wengi walikuwa wakilipa wakishaugua na kuacha wakipona. Bima haiendeshwi hivyo, mfuko hukauka.

Mama wa Kakamega
Na kujifungua je? Kuanzia Juni 2013 mama alijifungua hospitali ya umma bila kulipa, baadaye ukaja Linda Mama, mpango wa uzazi bila malipo. Leo nikienda sijalipa ya mwaka?

Karani wa madai
Bili ni yako, mama. Ukiwa umelipa, SHA huilipa hospitali 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Kutibiwa na kurudi nyumbani kwenye zahanati na kituo cha afya hakuhitaji mchango, hiyo hutoka kwenye mfuko wa afya ya msingi unaojazwa na kodi. Mwulize mgombea kama uzazi atauhamishia kwenye mfuko huo. Hilo ni swali analoweza kulijibu kwa ndiyo au la.

Wakili
Rais hawezi kuifuta kwa tamko. Ni Sheria ya 2023, inahitaji Bunge. Julai 2024 Mahakama Kuu iliitangaza kinyume cha Katiba, na Septemba Mahakama ya Rufaa ikaruhusu iendelee. Msisahau pia kwamba hospitali za kaunti na wauguzi wake ni za gavana. Kadi inaweza kuwa sawa kabisa, na glavu hakuna.

Mhasibu wa mishahara
Basi "bure kwa wote" ndiyo ndoto kubwa zaidi. BabaCare ya 2022, ahadi ya Raila Odinga ya afya kwa wote, tuliisikia, chanzo cha pesa hatukukisikia vizuri. Chukua mgonjwa mmoja wa figo: kusafishwa damu ni 10,650 kwa kikao, mara mbili kwa wiki, vikao 104 kwa mwaka. Hiyo ni sh 1,107,600. Inahitaji wachangiaji 308 wa kiwango cha chini, wote wawe wazima mwaka mzima.

Karani wa madai
Ndiyo maana nasema asiyeweza alipiwe na hazina, kwa orodha inayojulikana kijiji kwa kijiji, na hospitali ilipwe kwa tarehe iliyoandikwa. Malipo yakichelewa miezi mitatu, msambazaji wa dawa anafunga mkono, na mgonjwa mwenye kadi hai anaandikiwa karatasi akanunue nje.

Mwanzisha mada
Na anayetaka kuifuta atuambie kwanza: huyo wa vikao 104, Jumatatu ya kwanza baada ya SHA kufutwa, analipiwa na nani?

Wakili
NHIF ilipokufa iliacha madeni ya mabilioni kwa hospitali. Uliza hilo nalo.