Karakana ya useremala kwenye nyumba mpya: ndani ya nyumba, banda la nyuma, au kontena?

Seremala wa Jioni (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi na mke wangu tunajiandaa kuchimba msingi wa nyumba yetu ya kwanza mara masika itakapoisha, katika kiwanja cha mita 20 kwa 30 kilichopo Kigamboni, na kabla mchoraji hajafunga ramani naomba mnisaidie kuamua jambo moja ambalo limetukalisha mezani usiku mwingi. Kipato changu kinatokana na uhasibu, lakini jioni na Jumamosi mimi ni seremala: nimetengeneza vitanda vya watoto, kabati la vyombo na meza tunayolia chakula, na kwa miaka sita nimefanya yote hayo kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, huku nikikusanya kila kitu kila magharibi. Katika nyumba hii mpya karakana ni lazima iwepo, na mke wangu ndiye aliyelisema hilo kabla yangu.

Nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu vya kulala pamoja na chumba cha mama yangu, takribani mita 12 kwa 13. Tumebaki na njia tatu. Ya kwanza ni kuongeza chumba cha mita 4 kwa 6 kinachoshikana na jiko, ambacho mchoraji anakipendelea kwa sababu kinatumia ukuta mmoja na paa moja. Ya pili ni banda la kujitegemea la mita 5 kwa 7 nyuma kabisa, likiegemea ukuta wa mpaka. Ya tatu ni kununua kontena la futi 20, kulikalisha juu ya nguzo za zege na kuanza kazi wiki hiyohiyo.

Mashine zangu ni msumeno wa meza wenye mota ya nguvu za farasi 3, randa ya umeme na keekee ya kusimama. Mtoto wetu wa pili ana pumu. Naomba mawazo ya waliokwisha kujenga, hasa waliojuta.

Mzee wa Morogoro

Kijana wangu, mimi ni miongoni mwa waliojuta, kwa hiyo nitakueleza bila kuficha. Nilijenga karakana inayoshikana na jiko, kama anavyopendekeza mchoraji wako, nikaweka mlango mzito wa mninga katikati na nikaamini kwamba mambo yamekwisha. Baada ya mwezi mmoja mke wangu aliniita jikoni, akafunua kitambaa kilichofunika mtungi wa maji ya kunywa, akapitisha kidole juu ya kifuniko, na kidole kikatoka na unga mwekundu. Ulikuwa ni mninga niliokuwa nikiupiga msasa siku mbili kabla, mlango ukiwa umefungwa muda wote.

Tulihangaika kutafuta vumbi linapita wapi hadi fundi mmoja alipopanda darini na tochi. Kuta za ndani zilikuwa zimeishia kwenye usawa wa dari, kama zinavyoishia katika nyumba nyingi tunazojenga, na kuanzia hapo hadi kwenye bati kulikuwa na uwazi mmoja uliounganisha karakana, jiko na vyumba vya kulala. Vumbi lilikuwa linapanda kupitia maungio ya dari ya karakana, linasafiri juu ya vichwa vyetu, kisha linashuka polepole kwenye vitanda.

Vumbi linaloonekana sakafuni, lile la kuzoa kwa koleo, si la kuogopwa sana. La kuogopwa ni lile laini linaloelea hewani kwa saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, lilishaliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1995, na mbao zetu nzuri kama mninga na mvule zinajulikana kwa kuwasha pua na kubana kifua hata kwa mtu asiye na pumu. Kwa mtoto mwenye pumu, njia yako ya kwanza mimi ningeifuta leo.

Mama wa Wawili

Shikamoo mzee. Naheshimu uzoefu wako, ila naomba nitetee kidogo karakana ya ndani, kwa sababu nyumbani kwetu ipo na tunaipenda. Mume wangu anachonga kwa patasi, nyundo ya mbao na randa ya mkono. Msumeno wa umeme anakodi kwa fundi wa mtaani anapouhitaji. Ukuta wetu ulipandishwa hadi kwenye bati, na kati ya karakana na ukumbi kuna kijichumba chenye milango miwili, ambako anavua ovaroli na viatu. Kwa kazi ya mkono inayotoa maranda badala ya unga, mpangilio huo umetutosha.

Jambo ambalo wanaume mkijadili karakana hamlitaji ni hili: chumba kilicho mita ishirini kutoka mlangoni kinamwondoa mtu nyumbani. Kabla ya nyumba hii mume wangu alikuwa na banda la mbali, na Jumamosi nzima tulikuwa tunamwona wakati wa kula tu. Sasa mtoto wetu wa miaka saba anakaa kwenye kiti kidogo karibu na baba yake na anajua kutofautisha mkongo na mvule kwa harufu. Kuna pia suala la usalama. Banda la mbali lilivunjwa usiku, keekee na seti nzima ya patasi vikaondoka, na hakuna aliyesikia kitu kwa sababu vyumba vya kulala vilikuwa upande wa pili.

Kaka Seremala, swali langu kwako ni moja. Kati ya saa unazofanya kazi, ngapi ni za mashine na ngapi ni za mkono?

Seremala wa Jioni

Dada, swali lako limenifanya nihesabu kwa uaminifu. Mashine natumia labda saa mbili Jumamosi, nikipasua na kusawazisha mbao za wiki nzima. Muda uliobaki ni kupima, kuchonga viungo, kuunganisha na kupiga msasa kwa mkono. Hata hivyo hizo saa mbili ndizo zenye vumbi lote na kelele yote. Mzee wangu, nakushukuru sana kwa habari ya dari, maana ramani yetu ilikuwa na uwazi huohuo na hakuna aliyetuonya.

Mwana Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ninalo kontena, na kwa kuwa wengi huliona kama njia ya mkato, naona ni wajibu wangu kueleza linavyoishi. Kwa ndani lina urefu wa mita 5.9 na upana wa mita 2.35. Sasa chukua plaiwudi ya kawaida ya futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22: ukishaiingiza huwezi kuigeuza ikiwa imelala, kwa sababu urefu wake unazidi upana wa chumba. Kuipasua kwa urefu kunahitaji mita 2.44 mbele ya msumeno na mita 2.44 nyuma yake, ukijumlisha na meza ya msumeno wenyewe unakaribia mita 5.6, ambayo kontena linayo kwa shida, mradi usiweke kitu kingine chochote katika mstari huo. Mimi napasua mlango ukiwa wazi, nusu ya ubao ikiwa nje, na mvua ikinyesha nasimamisha kazi.

Joto ni tatizo la pili. Saa sita mchana gundi inakauka kabla sijamaliza kukaza vibanio, ndiyo maana hatimaye nililijengea paa la makuti juu yake, na hapo ndipo lilipoanza kukalika. Tatizo la tatu sikulitarajia kabisa. Usiku chuma kinapoa, unyevu wa hewa ya pwani unageuka matone kwenye dari na kudondoka, na asubuhi nakuta meza ya msumeno imepata madoa madogo ya kutu, ya duara, kila moja likiwa na ukubwa wa punje ya choroko. Napaka nta kila Jumapili na bado yanarudi. Kontena ni stoo nzuri sana ya mbao na vifaa, wala mwizi halivunji kirahisi, lakini kwa kufanyia kazi ningelishauri tu kwa mtu asiye na ruhusa ya kujenga kitu cha kudumu.

Fundi Umeme Tanga

Naomba niingie kwenye umeme, kwa sababu ndio unaosahaulika hadi jamvi, yaani sakafu ya zege, linapokuwa limeshamwagwa. Mota ya farasi 3 kwenye volti 230 inakula takribani ampea 15 ikiwa kazini, na wakati wa kuwaka inavuta mara tano au zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Maana yake ni kwamba soketi ya kawaida ya ampea 13 haifai. Maana yake ya pili ni kwamba umbali una gharama: ukivuta waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba kwa mita 30 hadi banda la nyuma, mashine ikiwa inaendelea unapoteza volti 8 hivi, lakini katika ule mvuto wa kuwaka unapoteza kama 40, taa zinafifia, mota inanguruma bila kuzunguka vizuri na mwishowe inaungua. Kwa milimita 6 upotevu huo wa kuwaka unashuka hadi volti 16 hivi, na mota inaamka bila shida.

Kwa hiyo, kadiri karakana inavyosogea karibu na mita ya Luku ndivyo kebo inavyopungua bei. Popote utakapoiweka, zika bomba la plastiki kabla ya jamvi na ubakize la pili tupu kwa ajili ya kesho. Mpe karakana bodi yake ndogo ya sakiti breka, pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Mchanga wa Kigamboni ukikauka haupitishi umeme vizuri, hivyo erthi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ipimwe kwa kifaa, isiaminiwe kwa sababu tu fimbo imechomekwa. Huenda ukahitaji fimbo mbili au tatu zilizounganishwa. Taa ziwe kwenye sakiti tofauti na mashine, ili msumeno ukiangusha breka usibaki gizani huku diski bado inazunguka.

Msimamizi wa Ujenzi

Nimesoma michango yote na naona jibu limejificha katikati ya mzee na dada. Kabla sijalisema, barabara yako iko upande gani wa kiwanja?

Seremala wa Jioni

Iko mashariki, mhandisi. Nyuma ya kiwanja ni magharibi.

Msimamizi wa Ujenzi

Basi una bahati. Huko kwetu pwani kusi inavuma kutoka kusini na kusini-mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, na mchana upepo wa bahari unaingia kutoka mashariki. Karakana iliyo magharibi mwa nyumba itapeleka vumbi lake mbali na madirisha yenu karibu mwaka mzima. Kasoro yake ni jua la alasiri, na hilo tunalijibu kwa kutoweka dirisha lolote upande wa magharibi, kutoboa madirisha mapana kaskazini na kusini chini ya paa lililotokeza walau sentimita 90, na kupanda mti.

Sasa hesabu: kiwanja kina mita 30, ukiacha mita 5 mbele na mita 13 za nyumba unabaki na 12. Usilipeleke banda kwenye ukuta wa mpaka. Litakusumbua na jirani, na kwenye kibali cha ujenzi utaambiwa uache nafasi. Liweke mita 4 kutoka mlango wa jiko, lenyewe liwe na upana wa mita 5, na nyuma yake zibaki mita 3. Hizo mita 4 ezeka kibaraza chepesi kisicho na kuta na chenye paa lake, lisilounganika na dari ya nyumba. Hewa inapita katikati, vumbi halina njia ya darini, kebo haizidi mita 20, na mama anaweza kumwita baba bila kupaza sauti. Kibaraza hichohicho kiwe mahali pa kazi ya mkono jioni, watoto wakiwepo, mlango wa mashine ukiwa umefungwa.

Mlango mkubwa uwe wa mabawa mawili yenye upana wa jumla wa mita 2.4, utazame kibaraza. Jamvi liinuliwe sentimita 30 juu ya ardhi kwa sababu ya maji ya masika, na litandikiwe nailoni nzito chini yake ili unyevu usipande kwenye mbao. Shimo la maji taka liwekwe upande wa kaskazini wa nyumba, ambako gari la kunyonya linaweza kufika. Halafu, jambo ambalo naliona la maana kuliko yote niliyosema: jenga karakana kwanza. Itakuwa stoo ya saruji na nondo, mlinzi atalala humo, na mbao za fremu na milango zitapangwa humo kwa vijiti katikati zikauke miezi yote ya ujenzi. Fremu zinazopinda baada ya kuhamia mara nyingi zilichongwa kutokana na mbao mbichi.

Mzee wa Morogoro

Nakubaliana na mhandisi, na naongeza dogo. Matambara uliyopakia mafuta ya kitani usiyakunje na kuyatupa kwenye pipa la maranda, kwa sababu yanajipasha moto yenyewe hadi kuwaka. Yaanike yakiwa yametandazwa, nje, mpaka yakakamae.

Seremala wa Jioni

Nimeongea na mke wangu na mama jana usiku, tukapima mita 4 kwa kamba hapa sebuleni na kwenye korido ili kila mtu aone umbali wenyewe. Mama alisema kwamba kibaraza kikiwa na kivuli ndipo atakapochambulia mboga, kwa hiyo nimeongeza benchi la zege upande wa kusini. Ramani inarudi kwa mchoraji kesho ikiwa na banda la mita 5 kwa 7, mabomba mawili chini ya jamvi na kuta za jiko zilizopandishwa hadi kwenye bati. Fundi, naomba unisaidie jambo moja lililobaki: kebo ya milimita 6 itoke moja kwa moja kwenye mita, au ipite kwanza kwenye bodi ya nyumba?

Fundi Umeme Tanga

Itoke kwenye bodi kuu ya nyumba, ikiwa na breka yake peke yake yenye lebo, ili mtu yeyote nyumbani, hata mama, aweze kuzima karakana nzima kwa kidole kimoja. Nitakuchorea leo jioni na kukutumia.