Ulinganisho: Pico, Pro Micro au Teensy kwa kibodi iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato iliyokufa?

Mwalimu_Nyakato
Wakuu, habari za jioni. Kompyuta yangu ya mpakato iliingia maji wakati wa masika na fundi amethibitisha kwamba ubao mama hauponi. Kibodi yake hata hivyo ni nzima, na sijawahi kuandika kwa raha kwenye kibodi nyingine yoyote. Nimesoma kwamba inawezekana kuiunganisha na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ikatumika kwa USB kama kibodi ya kawaida, nami nataka kuandikia maandalio ya masomo kwenye simu. Nimebakiwa na machaguo matatu: Raspberry Pi Pico, Pro Micro na Teensy. Jumamosi kuna ndugu yangu anatoka Dar kuja Mwanza, naye anaweza kunichukulia kimoja. Nichague kipi?

Fundi_Redio
Mwalimu, pole kwa hasara, lakini swali lako halijibiki lilivyo. Hukutaja modeli ya kompyuta, hukutaja idadi ya pini za kibodi, na hukusema kama unataka pia pedi ya kugusa au la. Kibodi ya mpakato haijisomi yenyewe. Ni nyaya zilizopangwa safu mlalo na safu wima, na kitufe kikibonyezwa kinagusanisha waya mmoja wa huku na mmoja wa kule. Chipu iliyokuwa ikizisoma imebaki kwenye ubao mama uliokufa, kwa hiyo maikrokontrola utakayonunua ndiyo itakayochukua nafasi yake, na lazima iwe na pini za kutosha. Kibodi nyingi zina safu 16 kwa 8, yaani nyaya 24. Pro Micro ina pini 18 tu za kuingiza na kutoa, kwa hiyo peke yake haikutoshi. Pico inazo 26. Tuhesabie kwanza.

Bint_Kisauni
Mimi niko Mombasa na nimeshafanya kibodi mbili za aina hii, zote kwa Teensy++ 2.0, ambayo ina pini 46 na inafanya kazi kwa volti 5. Ukiwa na pini nyingi hivyo hulazimiki kuongeza chipu yoyote pembeni, na hulazimiki kuhangaika na tofauti ya volti kati ya sehemu za zamani na maikrokontrola mpya. Naijua bei yake, na bado naipendekeza.

Fundi_Redio
Dada, kwa bei ya Teensy moja Mwalimu atapata Pico kadhaa, ambayo ilitoka Januari 2021 kwa dola 4. Na Teensy mimi sijaiona Kariakoo hata siku moja. Nasisitiza pia kwamba ndugu yake asikubali kuuziwa Arduino Uno kwa kuambiwa kuwa zote ni sawa. Chipu kuu ya Uno iliyozoeleka (R3) haina USB yake yenyewe, na simu haitaitambua kama kibodi.

Mzee_wa_Utepe
Kabla hamjaendelea kubishana juu ya chipu, naomba mnisikilize, kwa sababu mimi kilichoniangusha hakikuwa chipu. Mwaka juzi nilikuwa na kibodi ya mpakato mwingine yenye utepe wa pini 26. Niliagiza soketi ya utepe, ikachukua wiki tano kufika, na ilipofika nikagundua kwamba nafasi kati ya pini na pini ilikuwa nusu milimita ilhali utepe wangu ulikuwa wa milimita moja kamili. Sikuwa na subira ya kusubiri wiki nyingine tano, nikaamua kuchomelea nyaya moja kwa moja kwenye utepe. Pasi ilipogusa pini ya kwanza, ncha ya utepe ilijikunja kama jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto, na ile mistari ya rangi ya fedha ikabanduka pamoja na risasi. Ndipo nilipojifunza kwamba mistari ile si shaba, ni wino unaopitisha umeme uliochapwa juu ya plastiki, na wino huo haushiki risasi. Nilijaribu kukata ncha iliyoharibika na kuanza upya nyuma kidogo, nikapoteza pini nyingine tatu. Kibodi ile ilikuwa ya marehemu kaka yangu, na herufi A na S zilikuwa zimefutika kwa vidole vyake. Ninayo hadi leo, haiandiki. Kwa hiyo Mwalimu, pima nafasi ya pini kwa rula kabla ya kuagiza kitu chochote.

Mwalimu_Nyakato
Pole sana, Mzee wangu, na nashukuru kwa onyo hilo. Nimeifungua kibodi mchana huu. Kompyuta ni ThinkPad T60. Haina utepe wa kuchomeka. Mwisho wake ni plagi ndogo ngumu yenye pini 40 zilizobanana mno. Katikati ya vitufe kuna kile kijiti chekundu cha kusogeza mshale, nacho nakihitaji. Vifaa vyangu ni mita ya kupimia umeme na pasi ya kuchomelea risasi yenye ncha nene.

Fundi_Redio
Sasa umeleta habari yenyewe. Si pini zote 40 zilizo za vitufe vya kawaida. Nyingine ni za ardhi, za vitufe vya pekee na za kijiti. Kijiti hicho, ambacho kimekuwa juu ya kibodi hizo tangu ThinkPad ya mwaka 1992, kinazungumza kwa PS/2, ile njia ya zamani ya kuunganisha kibodi na kipanya, kwa hiyo kinahitaji umeme wa volti 5, ardhi, waya wa saa, waya wa data na waya wa kuanzisha upya. Huo wa mwisho unatakiwa upate volti kwa muda mfupi tu kinapowashwa kisha ushuke, jambo ambalo rezista moja na kapasita moja vinalimaliza bila kutumia pini ya maikrokontrola. Nyaya 24 za vitufe na mbili za kijiti zinaijaza Pico yote, na kitufe chenye waya wake pekee hakitakuwa na pa kwenda. Isitoshe, pini za Pico ni za volti 3.3 na hazivumilii 5, kwa hiyo saa na data zipite kwenye kibadilisha volti.

Bint_Kisauni
Na hapo ndipo niliposema Teensy++.

Kijana_wa_Ubungo
Samahanini wakubwa. Kwa nini asinunue tu kibodi mpya ya USB? Zipo za elfu kumi na tano.

Mzee_wa_Utepe
Kijana, Mwalimu amesema kwenye sentensi yake ya tatu kwamba hajawahi kuandika kwa raha kwenye kibodi nyingine. Hiyo inatosha kuwa sababu.

Kijana_wa_Ubungo
Nimekuelewa. Basi mbona hakuna anayemtetea Pro Micro? Ukiiongezea chipu ya MCP23017 unapata pini 16 zaidi kwa kutumia mbili tu, na Pro Micro ya volti 5 inazungumza na kijiti bila kibadilisha volti. Mimi nilifanya hivyo chuoni, ila vitufe vitatu vikibonyezwa kwa pamoja kilitokea kingine cha nne ambacho sikukigusa.

Fundi_Redio
Hoja yako ni nzuri, na nakiri sikuipima. Hilo la kitufe cha nne ni tabia ya kibodi zisizo na dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila kitufe, na karibu zote za mpakato hazina. Jambo la kuangalia zaidi ni kwamba safu isiyosomwa iachwe wazi, isipewe volti. Ukiipa, vitufe viwili vya safu moja vikibonyezwa pamoja vinagonganisha pini mbili zinazotoa umeme kinyume, na unaweza kuichoma chipu.

Bint_Kisauni
Turudi kwenye plagi, maana bado haina jibu. Pini 40 zenye nafasi ya nusu milimita hazichomelewi kwa pasi nene, uwe na Pico au Teensy. Mwalimu, jike la plagi hiyo limo kwenye ubao mama ulioingia maji. Fundi mwenye mashine ya hewa ya moto anaweza kulitoa likiwa zima.

Mwalimu_Nyakato
Dada, ubao huo nilimwachia fundi wa pale Makoroboi kwa sababu aliniambia ataunyofoa vipuri. Ni wiki mbili sasa. Kesho nikitoka shuleni nitapita kumwuliza kama bado anao, ndipo nimpigie simu ndugu yangu kuhusu ya Jumamosi.

Mzee_wa_Utepe
Pita asubuhi kabla ya vipindi, Mwalimu. Mafundi huuza mbao mama kwa kilo.